Mashine Haijui Udongo

Katika miaka ya karibuni baadhi ya vyuo vinavyofundisha usanifu wa majengo katika Afrika Mashariki vimeanza kupata mitambo ya aina mpya. Ziko mashine za kukata mbao nyembamba kwa mwali wa leza, ziko za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, na ziko zile zinazojenga umbo kwa kuweka tabaka juu ya tabaka, ambazo wengi wamezoea kuziita printa za pande tatu. Zote zina jambo moja linalozifananisha. Mwanafunzi huchora kitu katika kompyuta, mchoro hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba, na namba hizo ndizo zinazouamuru mkono wa mashine uende wapi, kwa kasi gani na usimame wapi. Kwa hiyo kazi ambayo zamani ilikuwa lazima ipite mikononi mwa seremala au mwashi, sasa yaweza kutoka mezani kwa msanifu hadi kwenye ubao au udongo bila ya kupita kwa mtu mwingine.

Sikusudii katika makala haya kuisifu mitambo hiyo wala kuibeza. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi anayepewa mashine kabla ya kupewa nafasi ya kuvunja, kuloweka, kukunja na kupima malighafi kwa mikono yake mwenyewe, hujifunza kuiendesha mashine na hukomea hapo. Tena naona kwamba kwa jinsi alama zinavyotolewa katika vyuo vingi, huko ndiko tunakomwelekeza.

Inafaa kwanza ieleweke kwamba mashine haikijui kitu inachokikata. Tuchukue mfano mdogo. Mwanafunzi amechora kiti kitakachoungwa kwa kuchomeka vipande vya plaiwudi yenye unene wa milimita 6. Katika kompyuta kila tundu lina milimita 6 kamili na kila ulimi unaingia sawasawa. Lakini bapa la plaiwudi lililotoka dukani mara nyingi halina unene ulioandikwa kwenye risiti, nao unene wake waweza kuwa tofauti kati ya ncha moja na nyingine. Mwali wa leza nao huunguza sehemu ndogo ya ubao unapopita, sehemu ya kumi moja au mbili za milimita, hata tundu likawa pana kuliko lilivyochorwa. Kisha kuna unyevu. Plaiwudi iliyokatwa Dodoma mwezi wa Agosti ikapelekwa Dar es Salaam mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, itavimba. Seremala yeyote wa mtaani anayajua haya na huyatilia maanani bila ya kuyaandika. Mashine haiyajui mpaka mtu aiambie, na mtu huyo hawezi kuiambia asichokipima.

Mahali ambapo jambo hili limechukuliwa kwa uzito unaostahili ni Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani. Huko taasisi mbili, moja ya usanifu kwa njia ya kompyuta na nyingine ya miundo ya majengo, zilianza mwaka 2010 kujenga mabanda ya majaribio pamoja na wanafunzi. Banda la mwaka huo wa kwanza lilikuwa na upana wa kiasi cha mita 10 na liliundwa kwa plaiwudi yenye unene wa milimita 6.5 tu. Vipande vyake vilipita 500, na kila kimoja kilikuwa na umbo lake. Roboti ilivikata vyote vikiwa bapa, kisha vikakunjwa na kuungwa vikiwa vimepinda. Plaiwudi iliyokunjwa hutaka kurudi ilivyokuwa. Katika banda lile kila utepe uliotaka kunyooka ulizuiwa na jirani yake, na kushindana huko ndiko kulikolipa banda uthabiti wake, ingawa ubao ulikuwa mwembamba kiasi hicho.

Sasa tujiulize, kompyuta ilijuaje utepe utapinda kiasi gani kabla ya kuvunjika? Haikujua. Iliambiwa baada ya watu kukaa na plaiwudi, kuikunja, kuivunja, na kuandika ilivunjika wapi na chini ya nguvu gani. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ya kazi ndiyo iliyokuwa na sayansi nyingi kuliko zote, lakini wageni wanaotazama picha za banda huiona roboti. Wanafunzi wetu nao huziona picha hizo hizo, wakaamini kwamba kinachowapungukia ni roboti.

Mfano mwingine unatukaribia zaidi, ijapokuwa ulifanyika Uingereza. Chuo cha Architectural Association cha London kina msitu wake uitwao Hooke Park, katika eneo la Dorset, ambako wanafunzi huishi na kujenga. Huko lilijengwa ghala la kuhifadhia vipande vya kuni, likakamilika mwaka 2016, ambalo nguzo na mihimili yake ni miti yenye panda, ikiwa na umbo ilioota nalo. Wanafunzi waliipima miti ilipokuwa imesimama msituni, wakayaingiza maumbo ya panda zake katika kompyuta, wakatunga programu ya kuchagua ni panda ipi ikae wapi, na mwisho mkono wa roboti ukachonga viungo. Mahali mti unapogawanyika nyuzi zake hufumana kwa namna ambayo hakuna gundi wala msumari uwezao kuiiga. Mwenye kiwanda cha mbao huzitupa sehemu hizo kwa sababu hazinyooki.

Msomaji wa pwani hatashangaa. Mjenzi wa jahazi wa Lamu au wa Nungwi anapotafuta mataruma, yaani mbavu za chombo, hatafuti mti ulionyooka. Hutafuta tawi lililopinda kwa asili, akalipima kwa jicho au kwa kipande cha ubao alichokichonga, akaona kwamba mpindo wake unalingana na tumbo la chombo. Sababu yake ni ile ile: nyuzi za mti zinaufuata mpindo, kwa hiyo nguvu ya mawimbi hupita ndani yake bila ya kuzikata. Wanafunzi wa Dorset walitumia kamera na roboti kufanya uchaguzi ambao wazee wetu wameufanya kwa karne nyingi. Silisemi hili ili tujivune kwamba sisi tulitangulia. Majivuno ya namna hiyo hayajengi hata banda la kuku. Nalisema kwa sababu wao walikuwa na kamera nasi tuna wazee wanaojua cha kutazama, na ni mara chache sana mwanafunzi wa usanifu kupelekwa ufukweni kukaa wiki mbili na mjenzi wa vyombo, akiandika kila anachokichagua na kila anachokikataa.

Malighafi imekuwa ikiwaamuru wasanifu wa pwani tangu zamani. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni vyembamba na virefu, upana wake ukiwa kiasi cha mita mbili na nusu au tatu, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka zaidi ya hapo chini ya uzito wa matumbawe na chokaa. Mwanafunzi akiupima mkoko mmoja tu, akauvunja chini ya uzito anaoujua, atakuwa amefahamu ramani ya mji mzima.

Nije sasa kwenye udongo, kwa kuwa hapo ndipo jambo lenyewe linapotugusa kwa faida na hasara.

Katika mji mdogo wa Massa Lombarda, Italia, kampuni iitwayo WASP ilijenga mwaka 2018 nyumba ndogo kwa mashine ya kuweka tabaka. Haikutumia zege. Rojo lake lilikuwa na asilimia 25 ya udongo uliochimbwa papo hapo, asilimia 40 ya majani makavu ya mpunga yaliyokatwakatwa, asilimia 25 ya pumba za mpunga, na asilimia 10 ya chokaa. Mwaka 2021 mahali hapo hapo ikamalizika nyumba nyingine ya udongo iitwayo TECLA, iliyochukua saa 200 za kuchapa, tabaka 350, kila tabaka ikiwa na kimo cha milimita 12. Mtu akiyasoma haya akiwa Kilombero, Kyela au Mwea, hawezi kukosa kuona kwamba vitu hivyo vyote viko nyumbani kwake, na kwamba pumba za mpunga huchomwa au hutupwa kandokando ya mashine za kukobolea.

Lakini asilimia zile ni za udongo wa Massa Lombarda. Ukizichukua ukazitumia kwa udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba sana ukilowa na kupasuka ukikauka, ukuta utajaa nyufa kabla ya kufika kiunoni. Udongo mwekundu wa milimani nao una tabia yake. Rojo la kuchapia lazima liwe laini kiasi cha kupita katika bomba bila ya kukwama, lakini gumu kiasi cha kubeba tabaka inayofuata baada ya dakika chache. Na kati ya masharti hayo mawili, ambayo yanapingana, kuna nafasi finyu ambayo kila udongo una ya kwake. Hakuna kitabu kinachoweza kumpa mwanafunzi wa Mbeya nafasi hiyo kwa udongo wa Mbeya. Hana budi kuitafuta mwenyewe.

Vyombo vya kuitafutia havina gharama kubwa. Chupa ya kioo iliyojazwa robo ya udongo na robo tatu ya maji, ikatikiswa kisha ikaachwa itulie, itaonyesha mchanga chini, vumbi laini katikati na mfinyanzi juu. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, na upana na kina cha sentimita 4, likipakwa mafuta ndani, likajazwa udongo uliolowekwa na kuanikwa siku 3 juani au 7 kivulini, litaonyesha udongo umejikunja kwa milimita ngapi. Koni ya bati yenye kimo cha sentimita 30, ile inayotumiwa kupimia ulaini wa zege, itaonyesha rojo linashuka kiasi gani likiachwa lijitegemee. Hata bomba la kupambia keki laweza kufanya kazi ya mdomo wa mashine: mwanafunzi huweka tabaka kwa mkono, akihesabu ni ngapi zinasimama kabla ya ya chini kulegea. Akishapata majibu ya mwezi mzima wa kazi hiyo, hapo ana kitu cha kuiambia mashine.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Mwaka 2021 kuta za shule moja katika wilaya ya Salima, Malawi, zilichapwa kwa saa 18. Huko Kilifi, Kenya, kampuni hiyo hiyo ya 14Trees ilianzisha mradi wa nyumba 52, na nyumba 10 za kwanza zilichapwa kwa muda wa wiki 10. Ni kazi ya kupongezwa, nami si mmoja wa wanaoiona kuwa mzaha. Hata hivyo, mashine iliyotumika Kilifi ilitengenezwa Denmark, na kampuni yenyewe iliundwa na Holcim, kampuni kubwa ya saruji ya Uswisi, pamoja na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza. Mashine twaweza kuinunua, tena bei yake itashuka kama zilivyoshuka bei za kompyuta. Kanuni ya mchanganyiko ni mali ya namna nyingine. Aliye nayo ndiye atakayeamua kama ukuta wa Kilifi utajengwa kwa saruji yake au kwa udongo na chokaa ya mahali, na asiye nayo atapokea magunia yaliyokwisha changanywa. Iwapo wanafunzi wetu hawataandika tabia za udongo wetu sasa, wakiwa na muda wa kukosea, wataandikiwa na wengine na kuuziwa.

Ushahidi kwamba mwanafunzi aweza kuianza kazi hii upo Afrika. Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin alipoijenga shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Aliutumia udongo wa kijiji, akauongezea saruji kidogo na kuugandamiza kuwa matofali. Paa la bati aliliinua juu ya dari ili hewa ya moto itoke, na fremu za paa hilo zikaundwa kwa nondo za kawaida ambazo wanakijiji walifundishwa kuzikata na kuziunga. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Pale Gando hapakuwa na roboti. Kulikuwa na mtu aliyejiuliza udongo huu unaweza nini, akajibu kwa kujenga.

Na mahali kompyuta ilipokutana na udongo kwa adabu, ni Gahanga, pembeni mwa Kigali. Paa za uwanja wa kriketi uliofunguliwa huko mwaka 2017 ni makuba ya vigae vyembamba vya udongo wa Rwanda uliogandamizwa pamoja na saruji kidogo, na kuba kubwa lina upana wa mita 16. Umbo lake linafuata njia ambayo uzito unapita kuelekea ardhini, hata vigae vikawa vinagandamizwa tu wala havivutwi, kwa maana udongo hustahimili kugandamizwa na hushindwa kuvutwa. Kanuni hii ni ya zamani. Robert Hooke wa Uingereza aliitangaza mwaka 1675: mnyororo ukiuning'iniza kwa ncha zake mbili, umbo unalolipata, likipinduliwa, ndilo umbo la tao litakalosimama. Leo kompyuta hulitafuta umbo hilo kwa sekunde chache. Lakini mwanafunzi aliyewahi kuutundika mnyororo mwenyewe, akaupachika vijiwe hapa na pale na kuona unavyobadilika, anajua kompyuta inamwambia nini. Na siku itakapokosea kwa sababu ameiingizia namba mbaya, ataligundua kosa kwa kulitazama umbo tu.

Nilitaja alama, na sina budi kueleza. Kwa desturi iliyoenea, mwanafunzi huonyesha kazi yake mwisho wa muhula mbele ya jopo la walimu. Huleta michoro na mfano mzuri uliong'arishwa. Hakuna anayeleta matofali 12 yaliyovunjika pamoja na jedwali la uzito uliyoyavunja, kwa kuwa hakuna anayeyauliza. Mashine mpya zimelizidisha jambo hili, maana sasa mfano waweza kutoka ukiwa umeng'ara bila ya mwanafunzi kuigusa malighafi ya jengo lenyewe. Ukuta ambao kesho utakuwa wa udongo huonyeshwa kwa plastiki nyeupe. Ningependa angalau theluthi moja ya alama za karakana itolewe kwa daftari la majaribio: ulijaribu nini, kwa vipimo gani, kikaharibika vipi, na ukabadili nini. Jaribio lililoshindwa na kuandikwa vizuri lipewe alama sawa na lililofaulu.

Wapo watakaosema kwamba mitambo ni ghali mno kwetu, na kwamba haya yote ni mazungumzo ya nchi tajiri. Jibu la sehemu lilitolewa Lomé, Togo, mwaka 2013, ambako kijana Afate Gnikou, akiwa katika karakana ya WoeLab iliyoanzishwa na msanifu majengo Sénamé Koffi Agbodjinou, aliunda printa ya pande tatu kwa sehemu kubwa kutokana na kompyuta na skana zilizotupwa. Jibu jingine nimekwisha kulitoa: sehemu kubwa ya kazi ninayoipendekeza hutangulia mashine. Ama wanaohofia kazi za waashi, hofu yao ina msingi, nami sioni haki katika ukuta unaopunguza vibarua 10 ili kuongeza mtambo mmoja mahali ambapo kibarua ndicho chakula cha watu. Hiyo ni sababu moja ya kuyapenda zaidi makuba ya Gahanga, ambako kompyuta ilichora na mikono ya waashi ikajenga.

Tahadhari moja ya usalama haina budi kutajwa, kwa kuwa nimeona inapuuzwa. Plastiki ya PVC isikatwe kwa leza hata kidogo, kwa sababu ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine yenyewe. Plaiwudi nayo ina gundi, na moshi wake wahitaji feni ya kuutoa nje.

Limebaki suala la mahali pa kuyahifadhi majibu. Tanzania imekuwa na chombo cha utafiti wa ujenzi tangu mwaka 1971, kilipoanzishwa Kitengo cha Utafiti wa Majengo, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Matofali ya kufungamana yaliyotangazwa na Wakala huo yametokana na kazi ya namna hii hii ya kuchanganya, kugandamiza na kuvunja. Kama kila mwanafunzi wa mwaka wa pili angepewa udongo wa wilaya aliyotoka, akaujaza katika chupa, katika sanduku na katika koni, na majibu yake yakapelekwa kwa Wakala yakiwa katika fomu moja inayofanana kwa vyuo vyote, katika miaka michache tungekuwa na orodha ya udongo wa nchi nzima kwa ajili ya kujengea na kuchapia. Fomu yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Iandike mahali udongo ulipochimbwa na kina chake, kiasi cha mchanga na cha mfinyanzi, milimita ulizojikunja, tabaka zilizosimama kabla ya kulegea, na kilichochanganywa nao, kiwe ni chokaa, pumba au saruji, kwa vipimo vya ndoo ambavyo fundi wa kijijini ataweza kuvirudia.